Kijana wa Toleo la Sita

Machakos mjini
2 Septemba 2025

Fundi Mulwa,

Toleo la tano limeisha sokoni Tala kabla ya saa sita mchana. Nakala zote, pale kati ya nguo za mtumba na misumari. Miaka sita nimeandika katuni zilizonunuliwa na shangazi yangu peke yake, na sasa wamama wa nyanya wananiuliza kama Syombua atampata ndugu yake. Hawajui wanamuuliza mwandishi mwenyewe. Wanadhani mimi ni muuzaji tu, na nataka wabaki hivyo.

Kuna mchapishaji Nairobi anataka matoleo yote sita yawe kitabu kimoja, kabla ya Krismasi. Kwa hivyo sitaki visingizio vya Wamunyu, ati mbao, ati mjomba mgonjwa.

Maelezo ya toleo la sita yako ndani ya bahasha hii. Syombua anaweka sikio mchangani kama kawaida yake, anasikia mto umenyamaza, na anapoinua kichwa anamwona ndugu yake akishuka barabarani na begi. Amerudi nyumbani, mzima. Matoleo matano tumemwonyesha mgongo na viatu tu, sasa wasomaji waone uso. Chora kijana yeyote, bora awe anacheka. Viputo viache wazi, nitajaza maneno mwenyewe kama siku zote.

Neno moja la mwisho. Yule mzee wa malori ya mchanga kwenye katuni yetu, nilikuandikia "mtu mnene mwenye kofia," basi. Juzi mteja alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Ai! Huyu si ni Laban!" Wengine wakaja kuangalia. Mimi huyo Laban nimemsikia tu, sijawahi kumtia machoni. Ule uso uliutoa wapi?

Kavata


Wamunyu
9 Septemba 2025

Dada Kavata,

Nashukuru kusikia habari za Tala. Huku tuko salama, ila jua ni kali na mbwa wamelala chini ya meza za kuchongea.

Ule uso niliuona mnada wa mbuzi, siku moja tu. Sikujua ni wa nani. Unajua sheria ya mjomba Maundu: usichonge kitu ambacho macho yako hayajakiona. Ndiyo maana simba wangu wana sura ya mbwa wa jirani. Simba sijawahi kumwona. Na kwenye karatasi ni vile vile, mkono hautembei mpaka nipate mtu wa kweli kichwani.

Dada, toleo la sita siwezi kulichora hivyo. Nimejaribu mara tatu. Si afadhali Syombua aondoke aende kutafuta mto mwingine? Au ndugu yake aandike barua kutoka mbali? Wewe ndiye mwandishi, siwezi kukufundisha kazi. Naomba tu mwisho mwingine.

Mulwa


Machakos mjini
14 Septemba 2025

Mulwa,

Mwisho mwingine sina. Nimekaa siku mbili nikitafuta namna ya kukukaripia, halafu nikaona afadhali nikwambie ukweli, maana mfanyakazi asiyejua anachojenga hujenga vibaya.

Mimi niko na ndugu. Jina lake Bonface, ndiye kitinda mimba wetu. Miaka minne iliyopita alikuwa akipakia mchanga mtoni, upande wa kwetu Kivaa, kwa malori ya huyo huyo Laban. Siku moja hakurudi. Tulipouliza, tukaambiwa amechukua mshahara wake akaenda Mombasa. Kesho yake ujumbe ukaja kutoka kwa simu yake: "Mama nimefika salama nimepata kazi msinitafute." Bonface hajawahi kumwita mzazi wetu "mama" tangu azaliwe, kwake ni "mwaitu" siku zote. Nilisema hivyo mpaka nikachoka. Watu wakaniambia vijana wakifika pwani hubadilika.

Sasa unajua kwa nini nilishtuka kusikia jina la mzee wako wa kofia. Nilikuandikia mtu wa kubuni, ukanichorea tajiri wa ndugu yangu.

Mwaitu anaitwa Ndunge. Ana miaka sitini na nane na macho yake hayaoni maandishi madogo. Kila jioni anapakua sahani tatu za muthokoi: yake, yangu nikiwa nyumbani, na ya Bonface. Ya Bonface anaifunika na sahani nyingine, na asubuhi anawapa kuku. Kila toleo likitoka namsomea, na kila mara huniuliza, "Amerudi?" Namwambia bado, ni toleo lijalo.

Kwa hivyo huchori kwa ajili ya mchapishaji wala wamama wa nyanya. Kuna mtu mmoja tu ninayemwandikia. Nataka aone kijana akirudi, hata kwenye karatasi, kabla macho hayajafunga kabisa.

Chora.

Kavata


Wamunyu
23 Septemba 2025

Dada Kavata,

Pole sana. Pole kwa mwaitu.

Nakutumia kurasa kumi na mbili za kwanza. Nimechora ulivyotaka, anashuka barabarani na begi na anacheka. Usinilaumu kwa kuchelewa.

Ijumaa walikuja watu wawili na pikipiki, wameshika toleo la tano. Wakauliza, "Nani hapa anachora hivi vitu?" Mjomba Maundu akawaambia sisi huku tunachonga twiga, kama wanataka twiga bei iko chini. Wakaondoka, lakini mmoja alibaki kidogo akiangalia mikono yangu. Ilikuwa na wino.

Tafadhali usichapishe toleo la tano tena. Na ukipata kurasa hizi, usinijibu haraka.

Mulwa


Machakos mjini
25 Septemba 2025

Mulwa,

Ukurasa wa kumi na mbili.

Nilikuwa nimeshika kalamu, tayari kujaza viputo. Nikaona jino la mbele lililokatika kipande upande wa kushoto. Alilivunja akiwa na miaka tisa, akifungua chupa ya soda kwa meno mbele ya wasichana. Nikaona nyusi iliyogawanyika pale jembe la kaka wa jirani lilipomgusa. Nikaona anavyocheka jicho moja likifunga kuliko jingine.

Hivyo vyote sikukuandikia, na picha yake sijawahi kukutumia. Hata Rahmo, ambaye nashinda dukani kwake, hajui ndugu yangu anafananaje.

Wewe huchori uso ambao hujauona. Umeniambia mwenyewe.

Ulimwona wapi Bonface? Lini? Alikuwa anaongea? Yuko hai? Kama yuko Mombasa na amekuomba umfiche, mwambie sina hasira, sina hata kidogo, aje tu. Kama si hivyo, niambie si hivyo. Nimekaa sakafuni mwa duka la Rahmo nikilia kama mtoto na wateja wananiruka.

Jibu kwa gari la kwanza.

Kavata


Machakos mjini
6 Oktoba 2025

Mulwa,

Siku kumi na moja. Nimetuma ujumbe kwa mjomba wako kupitia dereva wa gari. Anasema haijulikani uliko.

Unajua maana ya kukimbia? Maana yake umeshanijibu nusu.

Jana Laban mwenyewe alikuja hapa, sasa nimemwona. Ulimchora vizuri, mpaka mkunjo wa shingo. Alisimama mbele ya vitambaa akasema, "Nasikia bahasha za Wamunyu zinashuka hapa. Ni za nani?" Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika kurasa zako kifuani. Rahmo hakuinua hata kichwa. Akamwambia, "Mimi nauza vitambaa, mzee. Ukitaka shuka, karibu, ukitaka barua, nenda posta." Akacheka yule mzee. Akasema atarudi.

Rahmo sasa anajua kila kitu. Alifunga mlango mchana, akanipa maji, akasema, "Kavata, huyo mchoraji anakuogopa wewe kuliko anavyomwogopa Laban. Kuna kitu."

Wingu limeanza kujikusanya upande wa Kivaa. Wazee wanasema mvua haitavuka mwezi huu. Sijui kwa nini nakuandikia habari za mvua. Naogopa, hiyo ndiyo sababu. Nikiacha kuandika nitakuwa nimeelewa.

Kavata


Wamunyu
11 Oktoba 2025

Dada Kavata,

Nilikimbilia Kitui. Nimelala kwa rafiki siku nane, halafu nikarudi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kabla sijawa fundi nilikuwa mpakiaji mchanga. Mimi na Bonface tulikuwa kundi moja, lori moja, sepetu mbili. Alikuwa anatuambia ana dada anaitwa Kavata anayeandika hadithi kwenye madaftari na atakuja kuwa mtu mkubwa. Ulipotuma bahasha ya kwanza hapa karakana ukitafuta mchoraji, nikaona jina. Ndiyo maana nilisema ndiyo kabla sijauliza malipo. Nilidhani nikichora vizuri kitu fulani kitapungua ndani yangu. Hakikupungua.

Siku ile tulikuwa tumechimba chini ya ukingo mpaka pamekuwa pango. Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati wa chai. Bonface akasema, "Muniwekee yangu, namalizia hapa." Lori likarudi nyuma juu ya ukingo, na ukingo ukaanguka wote juu yake, lori likakwama.

Nilianza kuchimba kwa mikono. Laban akafika. Akasema, "Lori kwanza." Tukatoa lori. Halafu akasema, "Acheni. Huyo ameshaenda. Mkimtoa, mto unafungwa na nyinyi wote mnaingia ndani." Tulikuwa watano. Mmoja mmoja wakaweka sepetu chini. Mimi niliweka sikio mchangani, dada. Nilisikia kitu kikigonga. Au nilidhani nimesikia. Laban akanishika shati akaniinua, na mimi nikainuka. Hakuna aliyenifunga kamba. Niliinuka mwenyewe.

Wakamwaga mchanga mwingine juu. Simu yake ilibaki na Laban.

Ulipoandika msichana anayeweka sikio mchangani akasikia kilicho chini, niliitupa bahasha yako nje ya mlango. Mjomba akaiokota akaniletea.

Ndugu yako hawezi kushuka barabarani na begi. Nilijua, na nikamchora akishuka, kwa sababu ulisema ni ya mwaitu. Mkono ukanisaliti. Uso mwingine haukuja.

Mulwa


Machakos mjini
13 Oktoba 2025

Nimesoma. Sina jina la kukuita leo kwa hivyo sijaliandika hapo juu.

Miaka minne kuku wanakula chakula cha ndugu yangu na wewe ulikuwa unajua.

Sikiliza, kwa sababu nikianza kusema ninachohisi sitamaliza. Mvua ikinyesha, mto utashuka na ukingo utalika. Atachukuliwa, na sitapata hata mfupa wa kumwonyesha mwaitu. Nimeongea na afisa wa upelelezi hapa mjini. Amenisikiliza, lakini ameniambia maneno ambayo siwezi kuyapinga: ukingo wa Kivaa ni kilomita nyingi, na hadithi ya katuni si ushahidi. Anataka mtu aliyekuwepo, anayejua mahali, na atakayetia sahihi jina lake kamili.

Jumatano tarehe 22, saa tatu asubuhi, nitakuwa nje ya ofisi yake. Ukija, uje. Ukikimbia tena, kimbia mbali, kwa sababu toleo la sita nitalichapisha bila wewe, na ndani yake nitaandika jina lako, la Laban na langu, kwa herufi kubwa, na watakaotaka kunitafuta wanitafute.

Sikuombi. Bonface ndiye anayekuomba, na wewe hukumjibu mara ya kwanza.

Kavata binti Ndunge


Wamunyu
19 Oktoba 2025

Dada Kavata,

Laban alikuja mwenyewe jana. Sasa anajua ni mimi. Alikaa kwenye kigoda cha mjomba, akachukua twiga mmoja, akamgeuza geuza. Akasema, "Mulwa, mto bado uko na nafasi." Akamrudisha twiga mezani taratibu, akaondoka. Mjomba Maundu alikuwa amesimama nyuma yake na tezo mkononi muda wote.

Nitakuja Jumatano. Lakini kama sitafika, mpe afisa ukurasa huu ulio ndani. Ndio ukurasa wa mwisho wa toleo la sita. Hauna Syombua wala barabara. Nimechora ukingo kama ulivyo: njia ya malori, ule mwamba wenye mgongo kama wa punda, na hatua kumi na saba kutoka mwamba kwenda upande jua linakozama. Nilizihesabu siku ile jioni, niliporudi peke yangu. Kwenye mwamba kuna msalaba niliokwaruza kwa ncha ya sepetu. Watu huniuliza nilianza kwa kuchonga nini, huwaambia ni mwiko. Si kweli. Kitu cha kwanza nilichochonga maishani ni ule msalaba.

Viputo huwa naviacha wazi kwa sababu maneno ni yako. Safari hii kuna kimoja, karibu na sufuria ya chai. Hicho nimekijaza mimi. Usikifute.

Mulwa Musyoki Maundu


Kivaa
9 Novemba 2025

Mulwa,

Polisi hawaniambii wamekuficha wapi mpaka kesi ya Laban ianze Januari, na ni sawa. Afisa ameniahidi barua hii itafika mkononi mwako.

Ulipotokea kona ile Jumatano, umevaa koti la mjomba wako linalokuzidi, nilikuwa nimeshapanga kukupiga kofi. Nilipanga tangu saa kumi na mbili. Halafu nikaona unavyohangaika kukunja mikono ya lile koti nikashindwa. Nakwambia ujue lilikuwepo.

Wewe uliondolewa mtoni mapema kwa usalama wako, ulipoonyesha tu njia ya malori, hukuona mwisho. Msalaba ulikuwa pale pale, mchwa wamejenga pembeni. Hatua zako kumi na saba zilikuwa kumi na sita kwa afisa, ana miguu mirefu. Kabla hawajaanza kuchimba niliwaomba wasubiri. Nikapiga magoti nikaweka sikio mchangani, mimi mwenye miaka thelathini na tatu, mbele ya polisi. Sikusikia kitu. Mambo yangu yote ya Syombua ni uongo, mchanga hausemi. Aliyesema ni wewe.

Tulimtoa saa tisa alasiri. Mvua ilianza siku iliyofuata, na Jumapili mto ulikuwa umejaa mpaka kwenye mwamba.

Daktari aliyempima ameandika kwamba shingo ilivunjika ukingo ulipoanguka. Pale pale. Nilimuuliza mara tatu, na mara ya tatu akanionyesha. Kwa hivyo hakugonga, Mulwa. Ulichosikia ni moyo wako mwenyewe sikioni. Sina sababu ya kukupunguzia mzigo, bado nina hasira ya kutosha kwa miaka kumi, kwa hivyo uniamini.

Tulimzika jana, hapa nyumbani, nyuma ya ghala. Rahmo alikuja na sanda ambayo hatukuihitaji kwa desturi yetu, tukamfunika nayo juu ya jeneza, na wazee wakakubali.

Mwaitu siku nne hakutaka jina lako litajwe. Nikikutaja, anatoka nje. Leo mchana ameniambia, "Nisomee hicho kitabu chako." Nikamwambia toleo la sita bado halijachapishwa, na sitaruhusu yule kijana wa begi aingie. Nina kurasa mbichi tu. Akasema soma. Nikamshikia ukurasa wa mwisho karibu na macho. Aligusa mwamba, akagusa sufuria. Nikamsomea kiputo chako kama ulivyokiandika: "Muniwekee yangu, namalizia hapa."

Aliinuka akapika chai. Akamimina kwenye kikombe cha Bonface, kile cha bati chenye kutu pembeni, akakaa nacho mlangoni akakiangalia mpaka moshi ukaisha. Halafu akanywa yote, baridi hivyo hivyo, akakiosha kikombe.

Jioni hii alipakua muthokoi. Sahani yake, sahani yangu. Nikashukuru moyoni kwamba ameacha. Halafu akachukua ya tatu, akaijaza, akaifunika. Nikamwambia, "Mwaitu, tumemzika." Akanitazama kama mimi ndiye nimechanganyikiwa.

"Najua," akasema. "Hii ni ya yule aliyemsikia. Akimaliza kusema huko mahakamani, aje ale."

Mimi sijasema hivyo. Nimeandika tu alichosema yeye.

Kavata